Sura ya Mwisho Iko Ukutani Ugalla

Vijana wa njia, siku mliponiaga kustaafu pale stesheni, mkanipa saa ya ukutani na jogoo aliyenitazama kana kwamba ni mimi niliyemfunga miguu, mlisema: "Mzee Patrisi, tuandikie mambo ya njia kabla hujasahau." Nisahau mimi? Nalijua kila taruma la reli kutoka Mpanda hadi Kaliua, na mengine nilikuwa nayasalimia kwa majina. Haya basi, nimekaa nyumbani Kawajense, mke wangu amenipa kona ya meza, jogoo tumeshamla, naandika.

Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Cheo changu kikubwa kilikuwa kushika gengi moja na ufunguo wa stoo, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaandikia habari za reli na za vitabu, maana kwangu mimi vilikuwa kitu kimoja. Nyuma ya kiti hiki kuna rafu, na kwenye rafu kuna vitabu sita vya Kasiano Sungwiza, yule mwandishi wa hadithi za kubuni za sayansi, za vyombo vinavyopasua anga na watu wanaoishi chini ya mwezi. Nyie hamkumpata. Vilikuwa vitabu vyembamba, vya karatasi rahisi, na picha yake haikutolewa hata mara moja. Nilivikusanya tangu nikiwa kijana wa mtaimbo mpaka siku ya jogoo, na bado kuna sura moja sina. Nitaeleza kwa nini sina na kwa nini sitaichukua.

Siku ya kwanza nililetwa kambini kwa troli ya kusukuma, nikiwa na godoro la majani na ushamba wote wa kijijini kwetu Mpimbwe. Kambi za gengi, sisi watengeneza njia, zamani zilikuwa porini, nyumba chache kando ya tuta, kisima kimoja, na simba wa kutosha. Nyapara wetu alikuwa Mzee Kalisto, Muha wa Kasulu, mtu mwembamba kama mpini. Tulimwita mzee tangu hana mvi hata moja, kwa sababu alizaliwa na uso wa kikao. Hakuniuliza jina. Alinipa nyundo ndogo, akanipeleka kwenye maungio ya reli, akasema, "Gonga."

Nikagonga.

"Amesema nini?"

"Nani, mzee?"

"Nati. Gonga tena, usiniulize mimi."

Ndivyo nilivyofundishwa kazi. Nati iliyokazwa inajibu kwa sauti kavu, iliyolegea inanung'unika kama mtoto aliyenyimwa. Jua la mchana likizidi, reli inataka kujipinda kama nyoka, nawe lazima ujue hivyo kabla haijajua yenyewe. Nilijifunza kupima upana kwa jicho hata tukisahau chuma cha kupimia. Nilijifunza pia kwamba tembo akilala njiani hakuna kanuni inayomhusu.

Lakini somo kubwa la siku ile lilikuwa jioni, baada ya ugali. Mzee Kalisto alifungua sanduku lake la bati, akatoa kitabu kipya kabisa, jalada lina picha ya msichana amevaa kofia ya kioo na nyota zimemzunguka. *Nyamizi wa Nyota ya Mbali*. Nikasogea. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba kwa shida, lakini kitabu nilikiheshimu. Shuleni tulivifunika vitabu kwa karatasi za kaki, na aliyekunja ukurasa alichezea fimbo. Mzee akachomoa kisu cha kuchinjia, akakiweka kwenye mgongo wa kitabu, akakichana. Nililia. Siyo sana, ndoo moja tu.

"Huyu analia nini?" akauliza Mzee.

"Kitabu, mzee! Umekiua!"

Shija, Msukuma mwenye mabega ya fahali, akacheka mpaka akashika ukuta. "Subiri utaona kikifufuka, wewe!"

Ndipo nikaelezwa desturi. Kitabu ni kimoja na wanaume ni wengi. Tukingoja mmoja amalize, wa mwisho atasoma akiwa marehemu. Kwa hiyo kitabu kinachanwa kwa sura. Kila sura inashonwa na uzi wa gunia na kuvishwa karatasi ya mfuko wa saruji, halafu zinagawiwa kama karata, hakuna kuchagua. Ukimaliza yako, unabadilishana na mwenzako. Kambi ikishamaliza, sura zinapanda troli kwenda kambi inayofuata. Hivyo kitabu kimoja kilikuwa kinatembea njia nzima kikiwa vipandevipande, na watu wote wanakisoma kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa mahali pake.

Na sheria ilikuwa moja tu: hakuna kusimulia. Mtu akifungua mdomo kueleza jambo la sura ambayo mwenzake hajaisoma, kesho yake anabeba jeki ya kuinulia reli peke yake kutwa nzima. Nyie mnaijua jeki ya sasa, mnaiendesha kwa gari. Jeki yetu ilitengenezwa, nadhani, kwa ajili ya kuinua Mlima Kilimanjaro wasafishe chini yake.

Mimi karata yangu ilikuwa sura ya tisa. Humo Nyamizi ni mtu mzima, rubani, yuko mbali mno na dunia, anazungumza na mama yake kwa redio. Akiuliza swali asubuhi, jibu linamfikia baada ya siku nyingi. Nikamaliza, nikabadilishana na jirani, nikapata sura ya nne. Loo! Humo Nyamizi ni binti wa shule ya msingi, anachunga mbuzi. Baadaye nikapata ya pili, mtoto mchanga mgongoni. Nikaunganisha mambo kichwani kwa akili yangu yote. Jioni ile nikatangaza mbele ya sufuria:

"Jamani, huyu Sungwiza ni kiboko! Kwenye hiyo nyota watu wanakua kurudi nyuma! Ukiwa rubani leo, kesho unachunga mbuzi!"

Kambi nzima ikaanguka kwa kicheko. Shija aligaragara kwenye kokoto. Lakini Mzee Kalisto hakucheka, alimgeukia Shija tu.

"Wewe ya tisa ulishaisoma?"

"Bado, mzee. Nilikuwa sijui kama atakuwa rubani. Sasa nimejua."

"Patrisi," akasema Mzee, "jeki."

Nikaibeba. Mpaka leo bega la kushoto liko chini kidogo ya la kulia. Mke wangu anasema nilizaliwa hivyo, lakini yeye hakuwepo nikizaliwa.

Sura ya mwisho ya kitabu kile, ya kumi na mbili, ilizidi watu wa kambi yetu, ikapelekwa kambi ya jirani ikamwangukia Yohana, aliyekuwa anakaa na mkewe Debora kambi ya Ugalla karibu na mto. Bahati au balaa, mwisho wa hadithi alianza nao yeye, na alikuwa bado hajaupeleka kwa mtu mwingine. Tulikutana naye njiani tukibadilisha mataruma. Mzee Kalisto akaegemea mtaimbo wake, akauliza kwa hila, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa:

"Yohana, hiyo kumi na mbili ikoje?"

"Mzee, sheria yako mwenyewe!"

"Sijakwambia usimulie. Nauliza ikoje."

Yohana akafikiri, akatabasamu lile tabasamu lake la pengo. "Sisemi kitu. Ila imenitia njaa."

"Njaa?"

"Njaa, mzee. Nilipomaliza kusoma nilikula sahani mbili."

Tulibishana maneno hayo wiki nzima. Shija alisema basi Nyamizi ametua kwenye sayari ya wali. Mimi nilisema labda wameliwa wote. Mzee Kalisto alikuwa amesoma sura zote nyingine kwa mpangilio wake wa karata, na kitu alichotaka kukijua kilikuwa kimoja tu, na tulikijua kwa sababu alikiuliza kila jioni kama rozari: "Sasa huyu mtoto, kwa jinsi saa zinavyokwenda polepole kule juu, akirudi nyumbani atamkuta mama yake?"

Masika yale mvua ilinyesha kama vile mtu amesahau kufunga bomba. Karibu na Ugalla maji yalikula tuta, reli ikabaki inaning'inia hewani na mataruma yake kama kamba ya nguo. Mzee Kalisto ndiye aliyeikuta alfajiri kwa mguu, akakimbia kurudi nyuma na kitambaa chekundu kuisimamisha treni ya abiria. Ilisimama akiwa anaweza kusoma jina la dereva kwenye mfuko wa shati. Hapo nimeongeza kidogo, lakini kidogo sana. Tulijaza lile shimo kwa mawe na magunia tukiwa tumezama mpaka kiunoni. Mkumbuke hili: tuta likiliwa, usijaze juu kabla hujayapa maji njia chini, la sivyo unayajengea maji ngazi. Jua lilipotoka, sura zetu zote zilikuwa uji. Mzee akatutuma tuzitandike juu ya reli yenyewe, kila karatasi na kokoto yake. Reli ilikuwa ya moto kama pasi. Nikiwa nimesimama pale nikatazama kitabu kizima kimelala njiani, ukurasa baada ya ukurasa, kinaelekea Kaliua. Ndiyo mara ya kwanza kukiona kwa mpangilio.

Sura ya kumi na mbili haikuwemo. Yohana alishikwa homa katika mvua zile, na kabla njia haijafunguka alikuwa amefariki. Tulimzika pale pale Ugalla. Baada ya arobaini nikamnong'oneza Mzee, "Je, tumuulize mama Debora zile kurasa?" Alinitazama mpaka nikasikia baridi. "Mjane unamuuliza karatasi?" Basi, ikawa mwiko. Hakuna aliyeuliza mwaka ule wala miaka iliyofuata, na kadiri muda ulivyopita ndivyo swali lilivyozidi kuwa zito kuliko jeki.

Nilipohamishiwa Mpanda mjini nikaanza masomo ya jioni. Kutwa nashika mtaimbo, jioni nashika kalamu, na kalamu ndiyo iliyonitoa malengelenge. Darasa letu lilikuwa na muuza nyama, katekista, akina mama wawili wa sokoni, na mimi nikinuka grisi ya njia. Mwalimu akatuambia tuandike insha juu ya kitabu tunachokipenda. Nikaandika *Nyamizi*, kwa mpangilio nilioujua mimi: tisa, nne, mbili, saba. Mwalimu akaniandikia pembeni kwa wino mwekundu: "Mwandishi huyu ana vituko. Umempata wapi?" Nilifaulu kidato cha nne, mkiniona natembea mjini mnisalimie ipasavyo.

Hapo ndipo nilipoanza kukusanya kwa kweli. Kambi za porini zilikuwa zinafungwa moja moja, watu wanahamia mjini, nami nilijua zile sura zitaishia kwenye kufungia karanga. Kila nilipotumwa njiani niliuliza. *Mashine ya Mvua* niliipata sura tatu kwa mlinzi wa stesheni, mbili kwa warina asali, na moja chini ya mguu mfupi wa meza, nikaacha kipande cha taruma badala yake. *Mji Chini ya Mwezi* kilitoka kwa padri aliyekuwa ameficha jalada kwa aibu. Rafiki zangu wa treni walinitafutia Tabora, Kigoma, hata Mwanza. Niliwahi kupata nakala nyingine nzima ya *Nyamizi*, nikakaribia kuruka juu ya paa la stesheni, kumbe imekatikia katikati ya sura ya kumi na moja. Vitabu vya karatasi rahisi hufa kuanzia miguuni.

Nikawa navishona upya jioni na navisoma tena na tena. Na hapa niwaambie jambo la ajabu kwangu, kuliko hata vile vyombo vya angani: kitabu hakikai tuli. Nikiwa kijana nilisoma mashine. Nilitaka kujua zinaendaje na zinalipukaje. Nilipopewa gengi langu mwenyewe, nikaanza kujiuliza kila ukurasa: hiki chombo kimetoka duniani mpaka nyota ya mbali, nani alikaza nati? Nikarudia vitabu vyote sita kumtafuta huyo mtu, na wallahi yumo! Katika kila kitabu Sungwiza ameweka mtu mmoja, hana jina, mstari mmoja tu, anapita na nyundo akigonga na kusikiliza. Nikapata shauku ambayo haijaniisha. Aliyajua wapi haya? Ile sayari yake yenye vumbi jekundu na misitu inayonguruma nyuki, si ndiyo huku kwetu? Je, aliwahi kupanda treni yetu, akachungulia dirishani, akamwona Mzee Kalisto amepiga magoti na sikio kwenye reli? Nimeuliza watu wa vitabu. Hakuna anayejua alikuwa nani. Mke wangu ana nadharia yake: "Labda ni mwanamke. Mwanaume gani angekumbuka kuwa mama anangoja?" Sijapata jibu.

Safari yangu ya mwisho ya ukaguzi kabla ya kustaafu, troli ya injini ilituharibikia Ugalla. Nikawaacha mafundi wanatukana kabureta, nikaenda kumsalimia Mama Debora, mjane wa Yohana. Kambi imebaki magofu, ila nyumba yake imesimama. Amebaki pale anauza asali na maharage kwa abiria, na wajukuu wanakuja likizo.

"Karibu Profesa!" Ndivyo anavyoniita tangu nipate cheti. "Umeletwa na Mungu. Paa linavuja, nisaidie kuvuta kitanda."

Nikavuta kitanda. Ukuta nyuma yake ulikuwa umebandikwa magazeti ya zamani kuzuia vumbi, kama mnavyoona nyumba nyingi. Katikati ya matangazo ya mbolea na picha za harusi, macho yangu yakashika neno moja: Nyamizi.

Nikakaa juu ya kitanda cha watu bila ruhusa. Karatasi zote za sura ya kumi na mbili zilikuwa pale, safu moja, nyingine kichwa chini.

"Unaona nini, Profesa? Nge?"

"Mama, hizi karatasi..."

"Aa, hizo. Za marehemu. Nilibandika mwaka ule ule, sikuwa nazisoma, nilikuwa natafuta cha kuziba ukuta tu. Halafu nikaugua malaria, nimelala naangalia ukuta, nikaanza kusoma. Nikapenda! Ila nimezigundisha, upande wa pili siujui. Nasoma ukurasa mmoja, unaofuata naubuni mwenyewe, nasoma tena mmoja."

"Na mwisho?"

"Mwisho ndiyo vituko. Huyu binti anatua, anatembea mpaka kwao, anagonga. Imeandikwa, 'Mlango ukafunguliwa, na aliyesimama pale alikuwa', basi. Upande wa pili umeangalia udongo." Akacheka. "Kila siku nafungua huo mlango mwenyewe. Nikiwa na furaha, ni mama yake. Nikiwa nimeudhika, ni mwenye nyumba mpya na mbwa wake."

Nikafunga macho haraka. Alikuwa ameshanisimulia sura nisiyoisoma, na mwenye sheria, Mzee Kalisto, bado yu hai. Anaishi Mpanda kwa binti yake, mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili. Nilirudi kwenye troli mdomo nimeubana, mafundi wakadhani nimeumwa jino.

Nilipomwambia Mzee kwamba sura imepatikana, aliingia ndani akatoka amevaa koti. Kwenye treni nilimuuliza kama kumsomea kwa sauti ni kusimulia. Alifikiri mpaka tukapita stesheni nzima. "Kusoma siyo kusimulia," akaamua. "Unaposoma, anayesema ni mwenyewe. Wewe ni redio tu." Nimeitwa mengi, lakini hilo nililikubali.

Mama Debora alitupokea kwa uji wa ulezi na salamu ndefu. Mzee akakalishwa kitandani, nami nikasoma ukuta. Nilisoma ukurasa, nikaruka usioonekana, nikasoma mwingine. Penye pengo, Mama Debora alishindwa kujizuia: "Hapo katikati mimi naonaga anapitia sokoni kwanza." Mzee anamwambia, "Nyamaza mama, jeki!" Naye anajibu, "Leteni hiyo jeki niwavunjie!" Tukafika mlangoni. Mlango ukafunguliwa, na aliyesimama pale alikuwa.

Nikanyamaza, maana ukuta ulinyamaza.

"Tuubandue," nikasema. "Kitambaa na maji ya vuguvugu, kisu chembamba, taratibu. Nimebandua mengi."

"Haubanduliwi," akasema Mama Debora. Hakuwa anatania tena. "Profesa, miaka yote hii nimelala na huo mlango. Nikishajua aliyefungua, nitakuwa nafungua nini?"

Nyumba ni yake, ukuta wake, na marehemu ni wake. Nilianza kufunga begi. Ndipo Mzee Kalisto akasema, macho yake meupe yakiwa yameelekea pasipo na mtu:

"Mimi niliondoka Kasulu na suruali moja. Nikasema narudi msimu ujao. Misimu ikapita, nawe unajua kazi ya njia, kila ukitengeneza hapa panabomoka pale. Niliporudi nikagonga. Akafungua mtu simjui. Alikuwa mtu mzuri, akanipa maji. Akanionyesha na kaburi la mama." Akapapasa mpaka akapata fito ya kitanda. "Nilitaka tu kujua huyu mwenzangu kama naye alifunguliwa na mtu mwingine."

Mama Debora akatoka, akarudi na beseni la maji ya vuguvugu na khanga kuukuu.

"Bandua," akasema. "Ukichana nakuua."

Nimewahi kuinua mabehewa yaliyoacha njia, lakini sijawahi kuwa mwangalifu vile. Niliilowesha karatasi kidogo kidogo, nikapitisha kisu, ikaachia kona, ikaachia ubavu, ikanidondokea kiganjani nzima. Nikaigeuza.

Mchwa walikuwa wameshaisoma. Ile gundi ilikuwa ya uji wa muhogo, nao waliula na kula wino na karatasi pamoja, wakauacha ule upande kama wavu. Juu hakuna neno. Katikati hakuna neno. Chini kabisa kwenye kona, pale uji haukufika, palibaki mistari miwili.

"Soma," akasema Mzee.

"Mzee, wamekula. Jina la aliyefungua halipo. Limebaki hili tu: '...kimepoa. Ngoja nikupashie moto.' Halafu, 'Mwisho.'"

Nje mbuzi alipiga chafya. Taratibu uso wa Mzee Kalisto ukaanza kufunguka.

"Huyo ni mama," akasema.

"Unajuaje?" Mama Debora akamkatalia. "Anaweza kuwa dada yake."

"Dada angeanza na zawadi."

"Jirani basi."

"Jirani angeita watu kwanza."

"Mume!"

Mzee akageuza uso wake kwake polepole. "Mume? Apashe chakula moto?"

Mama Debora alicheka mpaka akajifuta na ile khanga iliyolowa. Nikamweleza Yohana alivyotuambia kwamba sura hii ilimtia njaa. Akaacha kucheka ghafla, mkono kifuani. "Njaa," akasema. "Siku ile Yohana alikuja kutoka njiani, chakula cha mchana kimebaki, kimepoa. Nikamwambia acha nikuchemshie. Akanitazama akaanza kucheka peke yake. Akala sahani mbili. Nilimuuliza anacheka nini, akasema ni sheria ya kazini."

Mzee Kalisto akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayesikia nati ikijibu kavu. Hakuuliza tena, na tangu siku ile sijamsikia akiuliza.

Mimi nilikuwa na faili mkononi. Nilikuwa nimelinunua maalumu, gumu, la kuhifadhia sura ya mwisho. Vitabu sita vingekamilika, mtu pekee Katavi nzima, pengine dunia nzima na sayari za jirani. Nikatazama ile karatasi. Nikamtazama Mama Debora, ambaye alikuwa ameshainjika sufuria ya uji jikoni, wa gundi.

"Tunabandika upande upi?" akauliza.

"Wa mistari miwili," akasema Mzee. "Mlango umeshafunguliwa, hauna kazi tena."

Nikabandika mwenyewe. Safari hii nilipaka uji pembeni tu, mchwa watafute kitabu kingine. Faili nimemwachia anawekea risiti za asali.

Kwa hiyo *Nyamizi* yangu inaishia sura ya kumi na moja, na wageni wakiniuliza mwisho wake nawaambia wapande treni wateremke Ugalla, waombe kuvuta kitanda. Ndivyo vitabu vyetu vilivyokuwa siku zote, kila kipande kwenye kambi yake. Nyie mkipita kule na troli, simamisheni. Salimieni, nunueni asali, na mkaukague ule ukuta.

Ila sasa nimeyasoma haya niliyoandika tangu juu, na naona nimewasimulia sura ambayo hamjaisoma. Sheria ni sheria, na Mzee Kalisto bado ana masikio. Mpatane nani ataniletea jeki Kawajense. Iwe ile ya zamani, siyo hiyo yenu ya gari. Bega lipo tayari, la kushoto limeshazoea.